Punguzo Limefika, Kufuli Limebaki

Mwezi Mei 2010, studio ndogo ya Marekani iitwayo Wolfire Games ilitoa kifurushi cha gemu za kompyuta kilichoitwa Humble Indie Bundle. Ndani yake mlikuwa na World of Goo, Aquaria, Gish, Lugaru na Penumbra: Overture, na baadaye ikaongezwa Samorost 2. Mnunuzi alijipangia bei, na hata senti moja ilikubaliwa. Alipanga pia mgawo wa fedha zake: kiasi gani kiende kwa watengenezaji, kiasi gani kwa Child's Play, asasi inayowapelekea watoto waliolazwa hospitalini vitu vya kuchezea, na kiasi gani kwa Electronic Frontier Foundation, watetezi wa haki za watu katika ulimwengu wa kidijitali. Juu ya hayo yote ziliwekwa ahadi mbili ambazo maduka makubwa hayakuwa yakizitoa. Gemu zote zilikuja bila kinga ya kunakili, na zote zilifanya kazi kwenye Windows, kwenye Mac na kwenye Linux.

Kifurushi hicho kilikusanya zaidi ya dola milioni 1.2 kutoka kwa wanunuzi zaidi ya 138,000. Watumiaji wa Windows walilipa wastani wa dola 8 hivi, wa Mac kama dola 10, na wa Linux zaidi ya dola 14. Kwa muda mrefu wachapishaji walikuwa wakidai kwamba watu wa Linux wamezoea programu za bure na hawatalipia kitu. Hapa waliruhusiwa kulipa senti moja, nao wakalipa kuliko wote. Mauzo yalipovuka dola milioni moja, watengenezaji wa Aquaria, Gish, Lugaru na Penumbra walitimiza ahadi yao ya kuweka wazi msimbo wa gemu zao, ili mtaalamu yeyote aweze kuusoma na kuurekebisha.

Maharamia nao walikuwepo. Wolfire walikadiria kwamba karibu robo ya waliopakua gemu hizo hawakulipa hata ile senti moja. Viungo vya kupakulia vilisambazwa ovyo, na anayetaka angeweza kujichotea. Wenye mali walilitangaza jambo hilo hadharani, wakasikitika, kisha wakakataa kuweka kufuli, kwa hoja kwamba hatua yoyote ya kumzuia mwizi ingemsumbua zaidi aliyelipa.

Mjadala ninaouchambua hapa ulianzia pale. Gemu ikiuzwa kwa bei ya kutupa, je, muuzaji ana haki ya kuifunga kwa kufuli la kidijitali na kuiacha ifanye kazi kwenye mfumo endeshi mmoja tu? Na mnunuzi aliyetoa dola moja ana haki ya kulalamika? Wengi hujibu suala la kufuli na la mfumo endeshi kama swali moja. Mimi naona ni maswali mawili yenye majibu tofauti, ingawa yanagusana mahali muhimu sana. Kuifanya gemu ifanye kazi kwenye mfumo mwingine ni kazi yenye gharama, na bei ndogo inaweza kuwa sababu ya haki ya kutoifanya. Kufuli kwenye gemu iliyokwisha kufikia msimu wa punguzo ni jambo jingine. Halimlindi tena muuzaji, na linamgharimu mnunuzi kila mwaka unaopita.

Kipimo cha kweli kilikuja tarehe 29 Novemba 2012. Waanzilishi wa mpango ule, Jeffrey Rosen na John Graham, walikuwa wameshaugeuza kuwa kampuni, Humble Bundle, iliyopata mtaji kutoka Sequoia Capital. Siku hiyo walitoa kifurushi cha THQ, mchapishaji mkubwa wa California aliyekuwa taabani kifedha. Mlikuwa na Darksiders, Metro 2033, Red Faction: Armageddon na Company of Heroes, na aliyelipa zaidi ya wastani alipewa pia Saints Row: The Third. Zilikuwa gemu nzuri, na wakati huo kuzipata zote kwa dola chache lilikuwa jambo la kushangaza. Lakini zote zilikuwa za Windows peke yake, na zote zilikuja kama funguo, yaani namba za kuziwasha ndani ya duka la mtandaoni la Steam. Hapakuwa na faili la kupakua na kuweka kando. Fedha zilizopatikana zilizidi dola milioni 5, na hisa za THQ zilipanda kwa muda. Tarehe 19 Desemba, hata mwezi haujaisha tangu kifurushi kitolewe, THQ ikaomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake, na Januari 2013 mali zake zikapigwa mnada vipandevipande.

Wafuasi wa zamani waliumia. Walikuwa wamewatangazia rafiki zao Humble Bundle kama mahali pa gemu zisizofungwa, na sasa jina lilelile lilikuwa limebandikwa kwenye bidhaa yenye masharti yaleyale waliyoyakimbia. Waliojibu upande wa pili walikuwa na hoja zao. Sehemu ya fedha ilikwenda American Red Cross na Child's Play. Hakuna aliyelazimishwa kununua. Wafanyakazi wa THQ walikuwa karibu kupoteza ajira, na kila dola ilikuwa na maana kwao. Mwisho ikaja hoja iliyorudiwa kuliko zote: bei ni ya chini mno, kwa hiyo anayelalamika hana shukrani.

Hoja ya ajira naiheshimu, na ya hisani pia. Hiyo ya shukrani siikubali. Punguzo ni biashara. Tangu mwanzoni mwa 2009, Gabe Newell, mkuu wa Valve inayomiliki Steam, alikuwa ameshaueleza mkutano wa watengenezaji kwamba Left 4 Dead ilipouzwa nusu bei, mauzo yake yalipanda kwa 3,000%. Muuzaji anayepunguza bei anavuna kwa wingi wa wanunuzi, na mara nyingi anavuna kuliko angeacha bei ya awali. Mnunuzi wa punguzo ni mteja kamili. Hakuingia dukani kwa huruma ya mtu.

Katika suala la Windows peke yake, hata hivyo, naona walalamikaji walidai kisichowezekana. Gemu kubwa kama Company of Heroes imejengwa juu ya zana za Microsoft za kuchora picha, na kuihamishia Linux ni kazi ya miezi kwa wataalamu wachache wanaoijua. Hakuna ambaye angeifanya kwa ajili ya mauzo ya wiki mbili, achilia mbali kampuni inayozama. Baadaye, baada ya mali za THQ kupata wenye mali wapya, baadhi ya gemu hizo zilihamishwa kweli: Metro 2033 Redux ilifika Linux mwaka 2014, na Saints Row: The Third mwaka 2016. Kazi ilihitaji muda na fedha, na vilipopatikana ilifanyika. Kosa la Humble Bundle lilikuwa kuliacha jina lililobeba ahadi tatu (bei ya kujipangia, kutokuwa na kinga na mifumo yote mitatu) libandikwe kwenye bidhaa iliyotimiza moja, bila onyo kubwa linaloonekana.

Mlango ukishafunguliwa haukufungwa tena. Agosti 2013 ilikuja zamu ya Electronic Arts, kwa kifurushi chenye Battlefield 3, Dead Space na nyinginezo kilichokusanya zaidi ya dola milioni 10. Mchapishaji huyo alitoa mgawo wake wote kwa hisani, na kwa hilo anastahili sifa. Lakini ili kucheza nyingi ya gemu hizo ilibidi mtu ajiandikishe kwenye Origin, duka la EA lenyewe, lililokuwa likihangaika kupata wateja. Mwaka 2017 Humble Bundle ilinunuliwa na IGN. Januari 2022 ikatangaza kwamba hazina yake ya gemu zisizofungwa, iliyokuwa sehemu ya huduma ya kila mwezi, itapatikana kupitia programu ya Windows tu, na matoleo ya Mac na Linux yaliyokuwemo yangeondolewa mwisho wa mwezi huo. Kampuni iliyozaliwa kwa ahadi ya mifumo mitatu ikaivunja yenyewe katika kipindi cha miaka 12.

Sasa nirudi kwenye kufuli, maana hapa ndipo hoja yangu ilipo.

Kufuli la kidijitali lina kazi halisi kwa mchapishaji, na wanaolipinga wakikanusha hilo wanajidhoofisha. Mwaka 2024 mtafiti William Volckmann alichapisha uchambuzi wa gemu zilizolindwa na Denuvo, teknolojia ya kampuni ya Austria iliyoanza kutumika 2014. Aligundua kwamba kinga ya gemu ikivunjwa katika wiki ya kwanza tangu itoke, gemu hupoteza wastani wa karibu 20% ya mapato ambayo ingeyapata. Hicho si kiasi kidogo kwa studio iliyotumia miaka mitano kutengeneza gemu moja. Lakini utafiti huohuo ulionyesha kwamba hasara hiyo hupungua kadiri wiki zinavyopita, na gemu ikivunjwa baada ya wiki 12, athari kwenye mapato karibu haionekani.

Ipeleke takwimu hiyo sokoni uone inamwambia nini muuzaji wa punguzo. Kwa kawaida gemu haifiki kwenye punguzo la 75%, wala kwenye kifurushi cha dola moja, kabla ya wiki 12. Hufika baada ya mwaka, miwili, mara nyingine mitano. Wakati huo waliokuwa tayari kulipa bei kamili wameshalipa, maharamia wameshaivunja na kuisambaza, na anayenunua sasa ni yule aliyeweza kuipata bure ila akachagua kulipa. Kufuli linalobaki humo halimzuii mtu yeyote isipokuwa huyo. Kwa maoni yangu hakuna sababu ya kibiashara inayoweza kulitetea, ukiacha mazoea na uvivu.

Na wapo waliolithibitisha hilo kwa vitendo. CD Projekt ya Poland ilitoa The Witcher 2 mwezi Mei 2011 ikiwa na kinga iitwayo SecuROM katika toleo la madukani, huku toleo la GOG, duka lililokuwa lake wakati huo, likiwa halina kinga. Siku chache baadaye ikaiondoa SecuROM kwa sasisho, kwa sababu iliipunguzia gemu kasi na kuwasumbua walionunua kihalali. Gemu ya Doom ilitoka Mei 2016 ikiwa na Denuvo, na Desemba mwaka huohuo Denuvo ikatolewa. Mpango wa namna hii nauona wa haki kwa pande zote: linda wiki zako za mavuno, kisha fungua. Kinyume chake kilitokea Januari 2024, Capcom ilipoingiza kinga mpya kwenye Resident Evil Revelations, gemu iliyokuwa kwenye kompyuta tangu 2013. Waliokuwa wakiicheza kwa miaka walikuta imeharibika, malalamiko yakafurika, na Capcom ikalazimika kuirudisha ilivyokuwa. Gemu ya miaka kumi inalindwa dhidi ya nani?

Madhara ya kufuli hayaonekani siku ya kununua, na ndiyo maana bei ndogo huyaficha kirahisi. Huonekana baadaye, aliyelifunga akiondoka. Katika miaka ya mwanzo ya 2000, mamia ya gemu ziliuzwa kwenye diski zenye SafeDisc, kinga iliyotegemea programu ndogo iliyopachikwa ndani kabisa ya Windows. Mwaka 2015 Microsoft ilipotoa Windows 10, iliikataa programu hiyo kwa kuwa ilikuwa na tundu la kiusalama, na baadaye sasisho likaizima hata kwenye Windows za zamani. Uamuzi ulikuwa sahihi. Matokeo yake ni kwamba mtu ana diski halali mkononi, kompyuta yake ni nzima, na gemu haifunguki mpaka atafute toleo lililovunjwa na maharamia. Waliolipa ndio walioachwa nje.

Gemu zinazotegemea seva hufa kwa haraka zaidi. Assassin's Creed II ya Ubisoft ilipokuja kwenye kompyuta mwaka 2010, ilidai intaneti muda wote hata kwa mtu anayecheza peke yake. Mwezi Machi seva za kinga zikashambuliwa na wanunuzi wakashindwa kucheza. Baadaye Ubisoft ililegeza sharti hilo. Lakini kampuni hiyohiyo ilitengeneza The Crew, gemu ya mashindano ya magari ya mwaka 2014, kwa namna kwamba haiwezi hata kuwaka bila seva. Mwaka 2016 waliigawa bure kwa muda. Tarehe 31 Machi 2024 seva zikazimwa, na siku chache baadaye wachezaji wakaanza kuona leseni zao zimefutwa kwenye akaunti. Aliyenunua kwa bei kamili 2014 na aliyeipata bure 2016 walibaki sawasawa, mikono mitupu. Hapa wanaosema bei ndogo hupunguza haki wangejiuliza ni haki gani iliyobaki kwa yule aliyelipa yote.

Steam yenyewe iko katikati, na sipendi kuichora kama adui. Kinga yake ni ya hiari kwa mtengenezaji, na gemu kadhaa zilizonunuliwa humo hufunguka hata Steam ikiwa imezimwa. Inahifadhi maendeleo ya mchezaji, inaleta masasisho, inarudisha fedha. Newell alishasema kwamba uharamia aghalabu ni tatizo la huduma kuliko bei, na duka lake ni ushahidi wa hilo. GOG nayo haina ukamilifu. Septemba 2021 ilianza kuuza Hitman ya 2016, gemu iliyofungia sehemu kubwa ya vilivyomo kwa asiye na intaneti, na wanunuzi walipokasirika ikaiondoa mwezi uliofuata. Tofauti iliyopo ni kwamba GOG ilikuwa na ahadi iliyoandikwa, na wateja wakaweza kuishikia. Kwenye funguo za vifurushi hakuna ahadi ya kushikia.

Kuhusu mifumo endeshi, nilisema gharama ni halisi. Ben Golus, mmoja wa waliotengeneza Planetary Annihilation, aliwahi kueleza kwamba watumiaji wa Linux walikuwa chini ya 0.1% ya mauzo yao, ilhali walileta zaidi ya 20% ya taarifa za gemu kukwama. Ukisoma hilo peke yake utaelewa kwa nini studio nyingi hukimbia. Lakini mwaka 2021 mtengenezaji wa ΔV: Rings of Saturn alitoa hesabu zake: kati ya nakala 12,000 hivi zilizouzwa, 700 zilikuwa za Linux, na kati ya taarifa za kasoro zaidi ya 1,000, kama 400 zilitoka kwa watu hao. Alipozichambua hizo 400 akakuta tatu tu ndizo zilizohusu Linux yenyewe. Nyingine zote zilikuwa kasoro zinazowapata wachezaji wa kila mfumo, isipokuwa watu wa Linux wamezoea kuandika taarifa makini zenye maelezo yanayomsaidia mtengenezaji. Kwake walikuwa kama wapimaji wa bure. Visa hivi viwili havipingani. Gemu ndogo iliyojengwa kwa zana zinazokubali mifumo yote inapata faida, na gemu kubwa iliyojifunga kwa Windows tangu siku ya kwanza inapata hasara. Uamuzi hufanywa mwanzoni mwa kazi, na punguzo la mwishoni haliwezi kuubadilisha.

Wala ahadi ya mfumo endeshi haidumu milele. Oktoba 2019 Apple ilitoa macOS Catalina, iliyokataa programu zote za biti 32. Gemu nyingi za Mac zilizouzwa kwenye vifurushi vya miaka ya 2010 zilikoma siku ambayo mwenye kompyuta alikubali sasisho hilo. Hakuna mchapishaji aliyevunja mkataba, ni jukwaa lenyewe lililosogea. Machi 2020 Rocket League iliacha kuhudumia Mac na Linux katika mchezo wa mtandaoni, ambao ndio uhai wake wote, na wanunuzi wakaruhusiwa kuomba kurudishiwa fedha. Hilo la kurudisha fedha lingepaswa kuwa kawaida, nalo bado ni nadra.

Tangu 2018 mambo yamebadilika kwa namna ambayo walalamikaji wa 2012 hawakuitegemea. Valve ilitoa Proton, programu inayoziwezesha gemu za Windows kufanya kazi kwenye Linux bila mtengenezaji kugusa chochote, na mwaka 2022 ikauza Steam Deck, kompyuta ya mkononi inayotegemea teknolojia hiyo. Maelfu ya gemu zilizouzwa kwa ajili ya Windows tu zikafunguka kwa watu ambao hawakuahidiwa kitu. Gharama ile kubwa, iliyokuwa utetezi wa haki wa wachapishaji, imebebwa na mtu mwingine.

Hapa ndipo maswali yangu mawili yanapogusana. Kinachoizuia gemu isifanye kazi kupitia Proton siku hizi mara nyingi ni kufuli lake. Denuvo imewahi kuhesabu kila toleo jipya la Proton kama kompyuta mpya, na anayejaribu matoleo kadhaa kwa siku moja akajikuta amefungiwa saa 24. Programu za kuzuia udanganyifu katika michezo ya mtandaoni zimefanya zaidi ya hapo. Septemba 2024 Rockstar iliongeza BattlEye, programu ya aina hiyo, kwenye GTA V, gemu ya mwaka 2013 iliyouzwa kwa punguzo mara nyingi sana, na sehemu yake ya mtandaoni ikafungwa kwa Steam Deck, ingawa BattlEye ilishatoa njia ya kuikubali Linux tangu 2021. Mwishoni mwa mwaka huohuo Apex Legends ikaifungia Linux kabisa kwa hoja ya udanganyifu. Vita dhidi ya wadanganyifu ni vita halali, na mtu akishindana na wenzake mtandaoni hana budi kuheshimu masharti ya uwanja. Ila mnunuzi alitoa fedha wakati mlango ukiwa wazi, ukaja kufungwa akiwa ndani.

Linganisha na zile gemu za 2010 zilizofunguliwa msimbo. Lugaru na Gish ni kazi ndogo za studio ndogo, lakini wapenzi wake wameweza kuzirekebisha zikubali mifumo mipya bila kumwomba mtu ruhusa. Kwa kudumu, sijaona njia iliyoishinda hiyo.

Kwa msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam suala hili lina uzito wa pekee. Luthuli Avenue na Kariakoo kuna maduka ambayo kwa bei ndogo humjazia mteja gemu kwenye flashi au diski ya nje. Ni uharamia, na mtengenezaji hapati hata shilingi. Lakini tazama mteja anapewa nini: faili kamili, lisilohitaji bando, linalofunguka umeme ukirudi hata kama mtandao haujarudi, na linaloweza kuhamishiwa kwenye kompyuta ya ndugu yake. Duka halali linampa, kwa bei kubwa zaidi, kitu kinachodai kupakuliwa kwa gigabaiti hamsini na kukaguliwa mara kwa mara na seva iliyo ng'ambo. Punguzo limeshakaribia kuimaliza tofauti ya bei, na linalobaki kumsukuma mtu kwa haramia ni kufuli. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inakataza kuvunja kinga za kiteknolojia, kama zilivyo sheria za nchi nyingi, kwa hiyo aliyenunua kihalali na kukwama hana njia halali ya kujikwamua.

Marekani, sheria yao ya 1998 ilikataza vivyo hivyo, mpaka mwaka 2015 Maktaba ya Congress ilipokubali ombi lililoungwa mkono na Electronic Frontier Foundation na kuruhusu kuvunja kinga ya gemu ambazo seva zake za ukaguzi zimezimwa, ili mwenye nakala aendelee kuicheza kwake. Ni ruhusa finyu inayohuishwa kila miaka mitatu. Mwaka 2023 Video Game History Foundation ilionyesha kwamba 87% ya gemu za zamani zilizotolewa Marekani hazipatikani tena kwa kuuzwa. Hata hivyo Oktoba 2024 wasimamizi wa hakimiliki walikataa kuziruhusu maktaba ziwape watafiti gemu hizo kwa mbali.

California ilipita njia nyingine. Sheria iliyoanza tarehe 1 Januari 2025 inayataka maduka ya kidijitali yamweleze mnunuzi waziwazi kwamba analipia leseni, na Steam ilianza kuonyesha tangazo hilo miezi michache kabla. Kifungu ninachokiona muhimu zaidi humo ni kile kinachowaachilia wauzaji wa nakala zinazopakuliwa moja kwa moja na zisizoweza kufutwa na muuzaji. Hao sharti hilo haliwahusu. Sheria imetambua kwamba hizi ni bidhaa mbili, hata zikiwa na jina moja na picha moja kwenye kava. Barani Ulaya, kampeni ya Stop Killing Games iliyoanzishwa na Ross Scott baada ya The Crew kuzimwa ilivuka saini milioni moja Julai 2025, ikidai wachapishaji walazimishwe kuiacha gemu katika hali ya kuchezeka wanapoacha kuihudumia. Wachapishaji wanapinga kwamba kwa gemu za mtandaoni sharti hilo ni ghali. Kwa baadhi ni kweli. Kwa gemu ya mchezaji mmoja iliyofungwa kwa ukaguzi wa seva, gharama yake ni sasisho moja la mwisho.

Nisingesubiri Brussels kwa jambo la vifurushi na punguzo, kwa sababu hapa duka lenyewe linaweza kuanza. Karibu na bei iliyokatwa paandikwe, kwa herufi zenye ukubwa uleule, kama gemu inafunguka bila intaneti, kama ina kinga na inaitwaje, na mifumo endeshi ambayo mchapishaji yuko tayari kuijibia kwa kurudisha fedha. Na mkataba wa kuingiza gemu kwenye kifurushi utaje tarehe ambayo kufuli litaondolewa, kama bado lipo. Wenye gemu walikubali masharti magumu kuliko hayo mwaka 2010, wakati mnunuzi aliruhusiwa kulipa senti moja.